Mlango wa Kabati Bungeni

Jumatatu, 6 Mei

Nimeandika majibu matatu ya Waziri leo. Mawili yamepita. La tatu limerudi na neno moja la Mkurugenzi kwa wino mwekundu: "Pumzi!"

Maana yake sentensi ni ndefu mno. Waziri wetu ni mtu mwema lakini ana mapafu ya sentensi fupi. Wanasema mwaka jana, kabla sijaajiriwa, alipewa sentensi moja ndefu kuhusu kokoto, akafika katikati, akakohoa, akakaa. Wabunge wakapiga meza wakidhani amemaliza. Tangu siku hiyo kila jibu la Wizara lazima lisomwe kwa sauti na mwandishi mwenyewe kabla halijamfikia. Ukivuta pumzi kabla ya nukta, unakata sentensi. Ndiyo sheria.

Ofisini haiwezekani. Waandishi tuko watatu chumba kimoja, tukisoma kwa pamoja ni kama mnada wa mitumba. Kwa hiyo nasomea nyumbani, jikoni, nikimenya vitunguu. Mama mkwe anakuwa kwenye kigoda chake akichambua mchele. Nikisema "Mheshimiwa Spika" tu, anaacha kuchambua.

"Hapo kwenye 'Serikali inatambua' umepandisha sauti vizuri, mwanangu. Rudia."

Narudia. Anafurahi.

Mume wangu anasema nyumba hii ina Bunge zima, kilichokosekana ni posho. Yeye ni fundi wa friji. Anapenda vitu vinavyokaa kimya.

Mwisho wa mwezi huu nathibitishwa kazini — au sithibitishwi. Mungu nisaidie nisiharibu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeharibu? Sijui. Kuna aliyeharibu.

Kipindi cha maswali. Sisi watumishi tunakaa viti vya nyuma ya Waziri, na vikaratasi mkononi, tayari kumpenyezea akibanwa. Akasimama Bwana Nyongeza. Si jina lake, ni jina tulilompa. Swali lake la msingi huwa dogo kama chambo. Ndoana iko kwenye swali la nyongeza. Ndiye mbunge wa upande huu ninakoishi sasa.

Leo aliuliza taa za barabarani zitawaka lini. Waziri akaanza kusoma jibu langu. Sentensi fupi, tamu, hata mimi nilijisikia fahari. Akafika: "Taa hizo zimekwisha kufungwa, na kwa sasa..."

Na Bwana Nyongeza, huko aliko, akamalizia naye kwa sauti moja kama kiitikio cha kwaya: "...zinasubiri kuunganishwa na umeme!"

Bunge likavunjika mbavu. Spika mwenyewe alijificha nyuma ya glasi ya maji. Waziri akageuka kutuangalia. Masikio ya Mkurugenzi yakawa mekundu, na yeye ni mweusi kuliko mimi.

Mchana tukaitwa. Mkurugenzi akafunga mlango. "Humu ndani kuna panya!"

Dereva wa ofisi, aliyekaa karibu na mlango, akainua miguu.

"Si panya wa kukanyagwa! Panya wa siri! Jibu la Waziri ni siri mpaka Waziri alisome. Mbunge kalijuaje?" Kisha akaapa kwamba akimpata mtu huyo hatampeleka masijala kupanga mafaili. Atampeleka kwao. Na alipokuwa anasema "kwao" alinitazama mimi. Ndiyo, ni mimi peke yangu ambaye sijathibitishwa. Lakini mbona mimi?

Namshuku Kamusi, yule wa meza ya dirishani. Anajua maneno mengi mno kwa mtu mwaminifu.

Jumatano, 8 Mei

Hatua za usalama, kama zilivyotangazwa asubuhi:

Madirisha yamebandikwa magazeti. Sasa tunasoma habari za juzi badala ya kuona barabara.

Mama wa chai haingii tena. Anagonga, anaweka chupa chini, anarudi hatua kadhaa, ndipo tunafungua. Amenuna. Chai ya leo haikuwa na sukari na sidhani ni bahati mbaya.

Kuzungumza ni kwa kunong'ona. Kamusi alimpigia mkewe simu kumnong'oneza kwamba gesi imeisha. Mkurugenzi akatokea nyuma yake: "Gesi gani? Ya mradi upi?"

Mjomba, yule mwandishi wa tatu — si mjomba wa mtu, ni umri tu uliompa jina — hakubadilika. Yeye hulala macho wazi, na usingizini hanong'oni wala hasemi.

Alhamisi, 9 Mei

Lo! Swali la Jumatatu ijayo limekuja. Bwana Nyongeza anauliza: Je, fedha za mradi wa kufunika mitaro zimefanya nini katika mtaa fulani?

Mtaa wenyewe ni wetu! Huu huu! Ofisini hawajui nimehamia huku, faili langu bado lina anwani ya zamani. Nilisoma mara mbili na uso mkavu.

Ripoti ya mhandisi imeambatanishwa. "Mtaro wa mtaa huo umefunikwa. Umekaguliwa." Tiki kubwa.

Nilijua mara moja imetokeaje. Mtaro wetu haujafunikwa na mtu yeyote wa Serikali. Baada ya mvua za mwanzo mume wangu alitumbukia humo akiwa amebeba friji la mteja. Friji lilitoka zima, yeye akateguka kifundo. Kesho yake mama mkwe akang'oa mlango wa kabati lake la nguo — kabati alilokuja nalo kutoka kwake, la mbao nzito, lenye kioo — akaulaza juu ya mtaro hapo getini. "Naiazima Serikali," akasema. "Itanirudishia." Mkaguzi lazima alisimama hapo hapo getini, akaona umefunikwa, akapiga tiki, akaenda zake.

Nikaandika: "Mtaro umefunikwa." Nimeandika kilicho kwenye ripoti. Nami nikiuvuka kila asubuhi, kweli, nakuta umefunikwa.

Jambo moja la ajabu. Mkurugenzi alitaka sisi watatu kila mmoja aandike jibu lake, atachagua lililo bora. Tena akatunong'oneza mmoja mmoja, kila mtu pembeni yake, habari ya kuongeza. Mimi: niandike kwamba mfuniko ni wa rangi ya kijani. Kijani? Tangu lini tunaweka rangi?

"Waziri anapenda rangi," akasema. Sikubishana.

Jioni nikasoma jikoni. Nilipofika "mfuniko wa rangi ya kijani", ungo wa mchele ukaanguka.

"Kijani?" akauliza mama mkwe.

"Kijani, mama."

"Hapa kwetu?"

"Ndivyo walivyosema."

Akainuka. Akatoka hadi getini. Akarudi, akakaa, akaanza kuokota mchele punje kwa punje. Mume wangu akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akasema ana friji la kwenda kuangalia.

Ijumaa, 10 Mei

Kamusi kaniuliza kwa kunong'ona: "Wewe umepewa rangi gani?" Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Akasema hata yeye hajui. Tukatazamana kwa muda mrefu. Bluu, nadhani. Ana sura ya mtu aliyepewa bluu.

Sasa nimeelewa! Ni mtego. Kila mtu na rangi yake. Mbunge akitaja rangi, mwenye rangi kapatikana. Werevu gani huu. Nimefurahi kwa sababu mimi sijamwambia mtu.

Jumatatu, 13 Mei

Mwandiko nisamehe, naandika kwa kasi.

Waziri alisoma jibu — la Mjomba ndilo lililochaguliwa, rangi zote zimeondolewa. "Mtaro umefunikwa. Mfuniko ni imara." Akakaa, hana hata jasho.

Bwana Nyongeza akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. Mkurugenzi pembeni yangu akatoa kalamu. Alikuwa anasubiri rangi kama mtu anayesubiri namba ya bahati nasibu.

"Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu mazuri. Naomba kuuliza swali dogo la nyongeza. Je, Waziri anafahamu kwamba mfuniko huo ni wa rangi ya kahawia?"

Kahawia! Mkurugenzi akatukodolea macho sote. Nani alipewa kahawia? Mimi kijani. Kamusi bluu (nilipatia!). Mjomba nyekundu. Mkurugenzi akatuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Yuko wa nne," akanong'ona. "Mungu wangu, wako wanne."

Lakini mbunge hakuwa amemaliza. "Tena, Mheshimiwa Spika, una kitasa. Na katikati una kioo!"

Spika: "Mtaro una kioo?"

"Una kioo, Mheshimiwa Spika! Wananchi wanajitazama!"

Vurugu. Mbunge mmoja akaomba mwongozo, mwingine akaomba na kwake wapelekewe wenye kioo. Kioo kile nakijua. Nilichana nywele mbele yake tangu tuhamie mpaka mlango ulipong'olewa.

Na nikajua nani anayepeleka habari. Anakaa kwenye kigoda jikoni kwangu.

Waziri akageuka kutaka kikaratasi. Hakuna aliyekuwa nacho. Hapo akatumia ile sentensi tunayowawekea mawaziri wote kwa dharura, maana humaliza kila ubishi: "Mheshimiwa Spika, niko tayari kuambatana na Mheshimiwa Mbunge kwenda kuona." Kawaida hapo mbunge hushukuru na kukaa, na haendi mtu popote.

Bwana Nyongeza akasema: "Lini?"

Sijawahi kusikia mtu akiuliza lini! Waziri hajawahi! Spika akafungua kalenda yake. "Alhamisi," akasema.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu mwenyewe. Ishara ya hatia.

"Mama, wewe ndiye unayempigia mbunge?"

"Kwani kumpigia mbunge ni kosa? Kura nilimpa mimi."

"Na zile taa?"

"Hata zile taa."

"Mama! Majibu yale ni siri ya Serikali!"

"Siri gani inanukia vitunguu?" Kisu hakikusimama. "Umesoma kwa sauti, jikoni, dirisha wazi. Hata paka wa jirani anajua habari za kokoto. Mimi nilisikiliza tu. Halafu nikasikia kijani. Mlango wangu wa mninga waite kijani! Nilivumilia taa, nikavumilia maji ya bomba mliyoahidi, lakini kijani?"

Nikamwambia nitafukuzwa kazi. Nikamwambia yote: panya, mtego, mwisho wa mwezi. Hapo kisu kikasimama. Akasema hakujua kwamba Mkurugenzi anaweza kumfukuza mtu kwa sababu ya mlango wa mtu mwingine.

Mume wangu akaingia, akanusa hali ya hewa. "Nani kafa?"

"Bado," nikamwambia.

Jumanne, 14 Mei

Mkurugenzi anamtafuta mwandishi wa nne. Amefungua kabati la vifaa mara kadhaa leo kwa ghafla.

Msafara wa Alhamisi: Waziri, Bwana Nyongeza, Mkurugenzi, waandishi wa habari, na mtumishi mmoja wa kubeba faili. Nilijua kabla hajasema.

"Wewe," akasema. "Utafaa. Hujulikani huko."

Jumatano, 15 Mei

Kikao cha familia. Maazimio:

Hakuna anayenijua. Mume wangu ni jirani aliyepita tu. Mama mkwe ataniita "dada wa Serikali". Hatanishika mkono kwa muda mrefu. Hataniuliza kama nimekula.

Tukafanya mazoezi. Mimi nikatoka nje, nikabisha hodi. Mama mkwe akafungua, akanitazama toka juu mpaka chini kwa baridi ambayo sijaiona hata siku ya posa.

"Nikusaidie nini, dada?"

Anaweza! Mume wangu alipiga makofi. Yeye mwenyewe ameshindwa. Kila akijaribu kunitazama kama mgeni anacheka. Tumeamua awe na friji mgongoni, uso usionekane.

Picha ya harusi tumeishusha kutoka ukuta wa sebuleni, ile kubwa yenye fremu ya dhahabu. Imebaki alama nyeupe ya mstatili. Mama mkwe haipendi ile alama. "Waziri ataona ukuta kama umepigwa plasta."

Nikamwambia Waziri haingii ndani. Atafika getini, atatazama mtaro, ataondoka.

"Mgeni wa kiwango hicho asimame juani kama nguzo ya simu?"

"Mama. Tafadhali. Asiingie."

Akasema sawa. Akasema sawa mara mbili, jambo ambalo silipendi.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika haya chooni kwangu, mlango nimeubana kwa komeo. Bomba letu linatoa maji kama mtu anayelia kwa kulipwa, ndoo itachukua muda. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nisipoandika nitapiga kelele.

Kwa utaratibu.

Tulifika na magari. Mtaa mzima umetoka nje. Mama mkwe amesimama getini na gauni lake la sherehe. Nikampita, akanisalimu: "Karibu, dada wa Serikali." Safi kabisa! Mkurugenzi hata hakugeuka. Mume wangu akapita nyuma na friji, akajikwaa, akaendelea.

Waziri akausogelea mtaro. Akainama. Akajiona kwenye kioo. Nafikiri ni mazoea tu — akarekebisha tai. Kamera zote! Bwana Nyongeza akasema: "Mheshimiwa, huo ndio mfuniko imara. Pendeza tu."

Waandishi wakacheka. Waziri, kwa heshima ya Serikali, akaamua kuonyesha uimara. Mama mkwe akapaza sauti: "Usikanyage kwenye kioo, baba!" Akakanyaga kwenye kioo.

Mguu mzima mpaka goti. Kiatu kimebaki huko chini mpaka sasa, mume wangu anakitafuta kwa fimbo.

Tulipomvuta akawa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine tope tupu, harufu siwezi kuiandika. Hapo mama mkwe akasema yale ambayo nilimkataza: "Mleteni ndani aoshe mguu." Nani angekataa? Mkurugenzi akanisukuma begani. "Wewe, kimbia, tafuta maji!"

Nikakimbia. Nikapita sebuleni, nikakata kulia, nikavuka kipazia, nikafungua mlango wa choo ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke, nikachukua ndoo ya bluu nyuma ya mlango, nikafungua bomba kwa koleo linalowekwa juu ya dirisha. Yote bila kumuuliza mtu njia. Nilipoinua kichwa Mkurugenzi alikuwa sebuleni, ananitazama kupitia kipazia. Nikafunga mlango.

Na nilipokuwa nakimbia niliiona. Picha ya harusi imerudi ukutani! Mama mkwe kairudisha! Leo asubuhi, nikiwa kazini! Kwa sababu ya ile alama nyeupe! Niko pale na shela, meno yote nje.

Nawasikia. Ukuta ni mwembamba.

Waziri kakalishwa kwenye kochi. Bwana Nyongeza anasifia nyumba. Sasa Mkurugenzi:

"Mama, samahani. Huyu bibi harusi ukutani ni nani?"

Moyo wangu uko kwenye ndoo.

Kisha sauti ya mama mkwe, taratibu, bila haraka:

"Mheshimiwa, familia inatambua kuwepo kwa picha hiyo."

"Nauliza ni nani."

"Ni swali zuri sana. Linafanyiwa kazi."

"Mama, jibu ni jina tu!"

"Jina lipo. Mchakato wa kulitoa unategemea kukamilika kwa mtaro. Mtaro ukifunikwa — na Serikali, si na kabati langu — utajibiwa kwa maandishi."

Bwana Nyongeza anagonga meza! Meza yangu ya kioo! Waziri naye anacheka, namsikia, anacheka mpaka anakohoa. Anauliza: "Mkurugenzi, huyu mama nani anamwandikia?"

Ndoo imejaa. Nimefunga bomba. Kumbe kelele za maji ndizo zilizokuwa zinanificha, sasa nyumba nzima inasikia kwamba zimekoma. Nyayo zinakuja. Viatu viwili, kwa hiyo si Waziri. Zimesimama nje ya mlango.

Hagongi. Ni Mkurugenzi, anaongea karibu na upenyo wa mlango, kwa sauti ya chini sana, ya mtu asiyetaka mwingine asikie.

"Bi harusi. Toa maji kwanza."

Kwanza! Kwanza, halafu nini?